Vyeti Viwili kwenye Dirisha la Viza

Binti yangu alinipigia simu Jumapili moja ya mwezi wa pili, nimetoka kanisani na sijavua hata koti. Alikuwa Uchina mwaka wa sita, akisomea udongo. Mimi ni fundi cherehani wa Kibondo. Nimeukanyaga udongo huu mwekundu karibu miaka arobaini, nimeukung'uta kwenye suruali za watoto wa shule wanaoniletea nizitie viraka, na sikuwahi kudhani kwamba mtu anaweza kuusoma miaka sita na bado akasema kuna mambo yake hayajajulikana. Aliniambia kazi yake imekubaliwa. Mwezi wa sita angevaa joho, na chuo kilikuwa kinawaruhusu wahitimu kuwaalika wazazi.

"Nimeshaandika jina lako kwenye barua ya mwaliko, baba."

"Jina langu mimi?"

"Sasa la nani tena?"

Nilimwambia mtandao unakatika, nikakata mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona chochote. Kwa karatasi za serikali, yule binti hakuwa wangu. Na aliyefanya asiwe wangu ni mimi.

Nilivuka kutoka Burundi nikiwa kijana, nina cheti cha sekondari mfukoni na sina kazi mkononi. Ushonaji nilijifunzia Kasulu. Nikaoa Muha wa kijiji cha Kitanga, tukahamia Kibondo, tukapanga chumba cha mbele kikawa duka na cha nyuma kikawa nyumba. Wenzangu wengi tuliotoka nao kule, walipoitwa kujaza fomu za uraia, walijaza. Mimi nilisema sina haja, mwakani narudi nyumbani. Nilisema hivyo mwaka baada ya mwaka, huku nikichoma matofali na kujenga. Nilipopaua nyumba kwa bati bado nilikuwa nasema narudi. Kwa hiyo nikabaki mgeni mwenye kibali cha ukaazi, kibali ambacho ni lazima kifanywe upya, na kila kikikaribia kwisha narudi kupanga foleni.

Binti alizaliwa hapa hapa Kibondo. Alipofika darasa la sita, kukawa na miaka ya watu kuulizwa karatasi. Tulisikia fulani amechukuliwa barabarani, fulani mtoto wake kakataliwa shule. Mengine yalikuwa kweli, mengine ya sokoni tu, lakini hofu haibagui. Mtoto alikuwa na akili kuliko darasa zima, na mimi nikajiapiza kwamba hatafukuzwa kwa ajili ya baba yake. Nikampeleka Kitanga kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akamalizie shule ya msingi huko. Alipofaulu, tukamchukulia cheti cha kuzaliwa. Baba: shemeji. Mama: mke wa shemeji.

Mke wangu alikaa kitandani siku ile akakishika kile cheti kwa ncha za vidole, kama kitu kilichomwagikiwa mafuta ya taa.

"Mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu na babu yangu," aliniambia. "Niache niende ofisini nikaulize, labda mtoto anaweza kuandikwa kwangu."

"Ukienda kuuliza utatuchoma wote."

"Kuuliza tu?"

"Nimesema hapana."

Hakuenda. Nikamwita binti, nikamwambia kwamba kuanzia leo mwalimu akiuliza, mimi ni mjomba. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alitazama mama yake, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, mjomba." Hakuwa na dharau. Alikuwa anajaribu tu neno kama litatoka. Lilitoka vizuri sana.

Siku ya mahafali ya kidato cha nne wazazi wa wanafunzi bora waliitwa mbele. Shemeji akaenda na suti niliyomshonea mimi. Binti aligeuka kuangalia watu, akanitafuta. Aliponipata, nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani Jumapili ile. Mke wangu amefariki mwaka wa nne sasa, na mpaka anafariki jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote ya mtoto wake.

Barua ya mwaliko ilifika kwa simu, nikaipeleka steshenari. Mwenye steshenari ni mama mmoja mtu mzima, hodari wa kompyuta, anayejaza fomu za nusu ya mji wetu. Aliifungua fomu ya viza ya Uchina, tukaanza safari. Nilidhani nimeona fomu maishani. Ile ilitaka kujua shule nilizosoma, kazi nilizofanya, wazazi wangu waliokufa, nchi nilizowahi kukanyaga. Ilitaka picha yenye nyuma nyeupe, na masikio yote mawili yaonekane. Nilishangaa watu walio mbali vile kuwa na haja na masikio yangu. Kwa kuwa mimi si raia, ilitaka pia kibali cha ukaazi kuonyesha kwamba nchi ninayoombea inanitambua.

"Uhusiano wako na anayekualika?" mama akauliza, vidole viko juu ya vitufe.

Nikazipanga picha zangu upya.

"Mzee, nimeuliza. Huyu ni nani wako?"

"Andika baba."

"Mbona unasema kama umeiba?"

Akaandika. Kisha akasoma zaidi, akanisomea na mimi: baba anatakiwa kuambatanisha uthibitisho, kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nilimwomba aihifadhi ile fomu, nikaondoka bila kumwambia kwa nini.

Nilikwenda kwanza ofisi ya uhamiaji kuhakikisha kibali changu. Ofisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani. Alikigeuza kibali, akasema kiko sawa.

"Uchina unaenda kufanya nini, mzee wangu?"

"Kumwona binti yangu anavaa joho."

"Hongera sana. Yeye ana pasipoti ya wapi?"

"Ya Tanzania."

"Baba Mrundi, binti Mtanzania. Ilikuwaje?"

Ningeweza kusema lolote. Nilikuwa na uongo wa kila namna uliokomaa kwa miaka karibu kumi na saba. Lakini nilikuwa nimechoka, na jina langu lilikuwa limeandikwa na mtoto wangu kwenye barua ya chuo, kwa herufi kubwa. Nikamweleza yote. Nilipomaliza nikasubiri aite askari.

Aliweka kalamu chini. "Mama yake alikuwa raia wa wapi?"

"Muha wa Kitanga. Baba yake Muha, mama yake Muha."

"Na mtoto alizaliwa wapi?"

"Hapa Kibondo."

"Basi alikuwa Mtanzania tangu siku anatoka tumboni. Kwa mama yake. Nyinyi mlikuwa mnakimbia nini?"

Nimekaripiwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kupigwa na swali kama lile. Nilimtazama mdomo wake nikidhani nimeelewa vibaya. Akarudia. Mlango ulikuwa wazi miaka yote hiyo, na mimi nilibomoa ukuta ili nipite. Na mtu aliyekuwa ameushika ule mlango, ambaye aliniomba ruhusa ya kwenda kuuliza tu, ndiye niliyemfuta. Nilitoa kitambaa nikajipangusa, na yule ofisa kwa heshima akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Pasipoti ya binti haina shida," alisema baadaye. "Lakini cheti ni cha uongo na inabidi kirekebishwe. Leta kiapo chako, kiapo cha shemeji yako, na ushahidi wa zamani. Mtoto alibatizwa?"

"Hapa hapa, akiwa na miezi miwili."

"Uliza kanisani. Na huyo shemeji itabidi akiri kwa maandishi kwamba alisema uongo. Atakubali?"

Sikujua.

Parokiani walinitolea kitabu cha ubatizo cha miaka ile, kikubwa kama meza ya mtoto. Katekista alipitisha kidole kutoka juu kwenda chini, ukurasa mmoja, wa pili. Kisha kidole kikasimama. Tulikuwepo. Wino wa bluu umefifia kidogo, lakini tulikuwepo wote watatu kwenye mstari mmoja: mtoto, baba, mama. Nilivua kofia. Karibu miaka thelathini nilikuwa nimekaa hatua mia tatu kutoka kwenye kitabu kile, napita mbele yake kila Jumapili nikiimba, na ndani yake mimi nilikuwa baba bila kukoma. Mke wangu alikuwa humo, jina lake zima. Niliomba kuligusa. Katekista akasema niguse taratibu, karatasi ni kuukuu.

Wiki iliyofuata nikaenda Kitanga. Nilipanda basi mpaka Kasulu, kisha pikipiki. Kwetu neno zito halisemwi mikono mitupu. Unapeleka pombe ya ndizi, unaiweka katikati, watu wanaketi, unasema ulichokosa mbele ya pombe, na haionjwi mpaka umemaliza. Nikanunua dumu la lita ishirini, nikalifunga nyuma ya pikipiki. Nilifika jasho linanitoka. Shemeji alikuwa uani anachambua maharage na mkewe, na majirani wanne wazee walikuwa wameshaitwa kwa sababu nilipiga simu kabla.

"Mwakeye, shemeji!" nikaamkia kwa Kiha.

"Mwakeye. Hilo dumu ni la nini?"

"Nina neno."

"Neno lako lina ulevi ndani. Hukusikia kwamba nimeokoka?"

Sikusikia. Alikuwa ameokoka tangu Krismasi na hakuna aliyeniambia. Majirani walilitazama dumu kwa huzuni kubwa.

"Sisi hatujaokoka," mzee mmoja akakumbusha.

"Kwenye ua wangu mmeokoka," shemeji akamjibu. Akamgeukia mkewe. "Mama, agiza kreti ya soda. Huyu mtu ametoka mbali, hawezi kukiri kosa mbele ya hewa."

Soda zikaja. Zikawekwa katikati, zimefungwa, hakuna aliyezigusa. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kasulu, yote yakanipotea. Nikasema tu kwamba nilimkana mtoto wangu kwa woga, nikamfuta mama yake, nikamtwika shemeji uongo ambao haukuwa wake, na sasa naomba anirudishie, na kwamba kunirudishia kwenyewe kutamwaibisha mbele ya hakimu.

Kuku alipita akadonoa harage moja, hakuna aliyemfukuza.

"Shida yote ya nini?" shemeji akasema. "Kwa serikali baba ni mimi. Nipe hiyo barua niende mimi. Viza nitapewa siku moja. Nitapiga picha na joho nikuletee."

Majirani wakacheka. Mimi nikacheka pia, kisha nikaona yeye hacheki sana.

"Au sema wewe ni mjomba," akaendelea. "Si umezoea?"

"Mjomba hapewi viza hiyo. Na hata angepewa, sitaki."

"Sasa ndiyo hutaki. Siku za wazazi, nani alikuwa anapiga baiskeli mpaka shuleni na viazi na sukari? Alipougua malaria kidato cha pili, nani alilala kwenye benchi la hospitali? Wewe ulikuwa unafunga viatu."

Alijua. Binti alimwambia, au aliona mwenyewe. Nilisema ni kweli, nilikuwa nafunga viatu.

Akachukua ungo, akaupepeta ingawa maharage yalikuwa safi tayari. "Unajua mimi nilizaa madume matupu," alisema kwa sauti ya chini. "Cheti kile nilijua ni cha uongo. Lakini kila nilipokitazama, nilikuwa na binti."

Mkewe akamshika bega. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku zote nilihesabu hasara yangu tu, na ya mke wangu, na ya mtoto. Yule mtu sikuwahi kumhesabu. Nilidhani nimempa mzigo, kumbe nilimpa kitu anachokipenda, na sasa nimekuja kukichukua na dumu la pombe asiyokunywa.

"Sikunyang'anyi," nikamwambia. "Jina lake la mwisho ni lako, na yeye mwenyewe ameniambia kwa simu kwamba litabaki. Naomba mstari mmoja tu. Wa baba na mama."

Akaweka ungo chini. Kisha akanyoosha mkono, akachukua soda, akaifungua kwa meno kama alivyokuwa akifanya ujanani.

"Kesho asubuhi twende Kasulu kwa hakimu," akasema. "Lakini wewe ndiye utakayesema kwanza. Na dumu lako urudi nalo."

Hakurudi nalo mtu. Majirani walilisindikiza mpaka kwenye ua wa pili.

Mbele ya hakimu nilisema kwanza. Shemeji akafuata, amenyooka kama yuko gwaride, akakiri uongo wake bila kunitupia lawama hata nusu. Hakimu alitukemea vya kutosha, akatutishia vya kutosha, akagonga mihuri. Karatasi zikapelekwa ofisi ya vizazi na vifo pamoja na nakala ya kitabu cha ubatizo. Mwezi wa nne ukiwa unakatika nikaitwa. Nilipewa cheti kipya kikiwa bado na harufu ya mashine. Mama: mke wangu. Nilikisoma nikiwa nimesimama kaunta, watu wanasukumana nyuma yangu, na sikuweza kusogea.

Mama wa steshenari, ambaye sasa alijua habari yote, alipanga makaratasi yangu kwenye faili. Aliposhika cheti cha zamani akakitoa.

"Hiki kiache nyumbani, mzee. Watu wa viza hawapendi hadithi. Wape kipya, basi."

"Wakiuliza?"

"Wasipojua watauliza nini?"

Alisema kwa kunitakia mema, na kwa miaka mingi hayo yangekuwa maneno yangu mimi. Nilikirudisha kwenye faili.

Dar es Salaam nilifikia kwa mtoto wa jirani aliyeolewa huko. Ofisi ya viza ilikuwa na kiyoyozi kiasi kwamba nilifunga vifungo vyote vya koti. Watu walikuwa kimya kama kanisani kabla ya misa. Walikuwepo wafanyabiashara wenye mafaili mazito, mama mmoja na mtoto mgongoni, vijana wa vyuo. Kila mmoja aliitwa kwa namba, akaenda dirishani, akatoa maisha yake kwenye bahasha. Nilishangaa kuona maisha ya mtu yanavyoweza kuwa membamba. Yangu yalikuwa unene wa kidole.

Namba yangu ikaitwa. Nyuma ya kioo alikaa dada wa Kichina, nywele fupi, sweta la kijivu. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza changu kibovu na Kifaransa changu cha shule.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Nilisahau kuitikia. Ilibidi asubiri. "Marahaba," nikasema mwishowe, na mwanamke aliyekuwa dirisha la pili akacheka.

Alifungua faili. Aligusa kibali cha ukaazi, pasipoti ya Burundi, barua ya chuo. Kisha akavikuta vile vyeti viwili, akaviweka sambamba. Alivitazama, akanitazama.

"Binti ni mmoja?"

"Ni mmoja."

"Wazazi tofauti. Na hiki kilichotaja jina lako kimetolewa mwezi uliopita. Yeye ana miaka karibu thelathini. Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu hicho cha kwanza nilidanganya mimi. Nilikuwa naogopa."

"Kwa nini umeniletea vyote viwili?"

"Nimechoka kuwa mjomba."

Hilo hakulielewa, na sikumlaumu. Nikamweleza kwa kifupi, kiapo na ukurasa wa ubatizo viko chini yake. Alisikiliza bila kuandika. Alipomaliza kusoma alisema maneno yaliyonitia baridi kuliko kile kiyoyozi.

"Mzee, karatasi mpya mtu anaweza kutengeneza. Subiri kidogo."

Akachukua simu ya mezani, akapiga namba iliyokuwa kwenye barua ya mwaliko. Kioo kilikuwa na matundu madogo, na simu ilikuwa na sauti. Nikamsikia binti yangu. Alikuwa anaongea Kichina. Sauti ilikuwa ya mama yake kabisa, ile ya kupanda mwishoni akiwa na haraka, lakini maneno yalikuwa yanatiririka kwa lugha ambayo sikuweza kushika hata punje. Niliyainamia yale matundu. Huyu ni mtoto aliyejifunza kuhesabu kwa vifungo vya duka langu. Alikuwa upande wa pili wa dunia, anaulizwa habari zangu, na anazijibu kwa lugha ambayo babu zake hawakujua kama ipo. Sikuogopa tena. Nilisimama tu nikisikiliza, mdomo wazi, mzee mzima.

Yule dada akafunika simu kwa mkono.

"Anasema ana kovu. Liko wapi?"

"Mguu wa kushoto, juu ya kifundo. Kama jani."

"Alilipataje?"

"Pasi ya mkaa. Alikuwa na miaka minne, anacheza chini ya meza yangu. Mteja alikuwa anasubiri suruali, mimi nina haraka, nikaiweka pasi ukingoni. Ikaanguka. Ni kosa langu. Nilimbeba nikakimbia mpaka hospitali ya misheni bila viatu."

Aliandika. Akarudi kwenye simu, akauliza, akasikiliza, akakunja uso. Akaniambia, "Yeye anasema alivuta kitambaa. Kwamba ulimkataza, akavuta, pasi ikaanguka. Kosa lake."

"Hapana. Niliiweka ukingoni."

"Anasema alivuta."

"Alikuwa na miaka minne! Anakumbuka nini?"

Nilikuwa nimepaza sauti. Ukumbi wote ukanitazama. Nikaona nimeharibu, kwamba nimeshika maelezo tofauti na ya mwanangu mbele ya mtu mwenye muhuri. Yule dada akasema maneno machache kwenye simu, na upande wa pili nikasikia binti yangu akicheka na kulia kwa pamoja. Simu ikakatwa.

"Waliopanga uongo hawagombanii kosa. Weka vidole hapa," akasema.

Ncha za vidole vyangu zimechomwa na sindano na kuchomwa na pasi miaka arobaini. Mashine ilivikataa mara ya kwanza. Ikavikataa mara ya pili. Nilivipangusa kwenye koti nikavibonyeza tena, na taa ndogo ikageuka kijani, mistari yangu ikatokea kwenye skrini yake, mikubwa, myeusi, kama matuta ya shamba yanavyoonekana kutoka mlimani. Sikujua kwamba ninayo mingi namna ile.

"Rudi baada ya siku nne," dada akasema.

Siku ya nne nilirudi. Nilipewa pasipoti, nikaifungua ukurasa kwa ukurasa mpaka nikaifikia viza. Nimeshika vitambaa vya kila aina, lakini karatasi ile ilikuwa na ufumaji ambao sijawahi kuuona: rangi ndani ya rangi, na ukiigeuza kwenye mwanga, picha nyingine inatokea. Jina langu lilikuwa humo. Nilitafuta benchi.

Nikampigia binti.

"Nimepata," nikamwambia.

Alipiga kelele mpaka nikatoa simu sikioni. Alipotulia nikamuuliza, "Kwa nini ulimwambia yule dada kwamba ulivuta kitambaa?"

"Kwa sababu nilivuta."

"Hukuvuta. Mimi niliiweka vibaya."

"Baba, mguu ni wa kwangu. Nilivuta."

"Miaka yote hiyo mimi nalala nikijua ni mimi."

"Na mimi nalala nikijua ni mimi. Mama alijua. Nilimwambia, akasema nisikwambie mpaka wewe ukue."

Watu walipita mbele yangu na bahasha zao. Nilisema ataniambia vizuri nikifika, na kwamba sijakubali bado. Akasema nikifika atanivulia kiatu nione kovu lenyewe limekaa upande gani, ndipo tubishane. Nikamwambia tutabishana.